Waliotusomea Tulipokuwa Wadogo



Ijumaa moja, baada ya sala, kijana mmoja alitusimamisha kwenye ngazi za msikiti akatuuliza, "Maalim, nani aliyekufundisha kupenda kusoma?" Tukamtajia upesi mwalimu wetu wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa kuwa ndivyo adabu inavyotaka na ndivyo watu wanavyotazamia mwalimu ajibu. Kijana akashukuru akaenda zake. Tulipofika nyumbani, hata kabla ya kuvua kofia, tukaona kuwa tumemwambia jambo lisilo kweli. Mwalimu wetu alitufundisha kusoma, naam, na kwa hilo twamwombea mpaka leo. Lakini kupenda hatukukupata kwake. Kwake tulikwenda nako.

Basi ukurasa wa mwezi huu ni jibu la pili kwa kijana yule, kama anasoma gazeti hili, na kwa vijana wenzake.

Kwa wasiopajua, Ruhuwiko ni kata moja ya mji wa Songea, na ndipo ulipo uwanja wa ndege wa mji huu. Sisi tulizaliwa hapo mwaka 1969, mtoto wa nne katika nyumba ya watoto sita. Siku hizo palikuwa mashamba zaidi kuliko nyumba. Songea imekaa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo ushukao kutoka milima ya Matogoro, huko unakoanzia mto Ruvuma, humfanya mtu atafute moto mapema. Moto ulikuwa jikoni. Kwa hiyo baada ya sala ya isha nyumba nzima ilihamia jikoni, wakubwa juu ya vigoda, wadogo juu ya ngozi ya mbuzi, na koroboi moja juu ya kinu kilichofudikizwa. Jiko lile la matofali mabichi na paa la nyasi ndilo lililokuwa chuo chetu cha kwanza, na hatukujua kuwa ni chuo.

Wasomaji wa nyumba ile walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa nusu.

Nusu ya kwanza ilikuwa bibi yetu mzaa baba. Alizaliwa Kilwa Kivinje, akaletwa Songea na mumewe, ambaye alikuwa mfanya biashara mdogo katika njia ile kongwe iliyotoka Kilwa kwenda mpaka Ziwa Nyasa. Bibi alikuwa amekhitimu Kurani akiwa msichana. Alijua herufi za Kiarabu, na kwa herufi hizo aliandika Kiswahili vilevile kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi: hesabu ya mahindi, majina ya watoto na siku walizozaliwa, dawa za tumbo. Herufi hizi za kizungu hakuzijua hata moja.

Kijana mmoja alipopita nyumba hata nyumba kuandikisha watu wa kisomo, alimkuta bibi barazani. Akamwuliza kama anajua kusoma. Bibi akasema, "Najua." Kijana akampa karatasi iliyopigwa chapa. Bibi akaigeuza huku na huku, akamrudishia akasema, "Haya siyajui, mwanangu." Kijana akaandika kuwa hajui kusoma. Hakukosea kwa mujibu wa kazi aliyotumwa, wala hatumlaumu. Alipokwisha kwenda, bibi akaagiza daftari lake akaandika, kutoka kulia kwenda kushoto, kwamba siku hiyo amekuja kijana mwenye adabu akamwandika kuwa hajui kusoma. Kisha akatusomea alichoandika, akacheka mpaka akakohoa.

Twaomba vijana walikumbuke jambo hili watazamapo picha za mababu zao na kudhani kuwa wote walikuwa gizani. Mwanamke wa pwani kusoma na kuandika si jambo lililoanza juzi. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa na mama, Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Hakuishi sana baada ya hapo. Mama yule alijua hatapata miaka ya kukaa na mwanawe na kumwambia neno moja leo na jingine kesho, akayatia yote katika maandishi. Utendi ule ukanakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti mbele ya mabinti wengine, wasio wake, kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nusu ya pili ilikuwa dada yetu mkubwa. Yeye alizaliwa mwaka 1960, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Hakuchaguliwa kuendelea, kwani nafasi za sekondari siku zile zilikuwa chache mno, akakaa nyumbani akimsaidia mama. Herufi za shule alizisoma kama maji. Kurani alikuwa ameifikisha nusu tu.

Dada ndiye aliyetusomea kila karatasi iliyoingia nyumbani. Alitusomea vitabu vya shule vya kaka zetu. Alitusomea hekaya za Abunuwasi, na ilipofika ile ya sufuria iliyozaa na kisha ikafa, aliigiza sauti ya jirani mwenye tamaa mpaka baba, aliyejifanya amelala, akajulikana kuwa hakulala. Alitusomea maandishi ya mfuko wa mbolea. Kama hapakuwa na kitu kingine alisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, na habari ilipokatika pale karatasi ilipochanwa, alitutaka tuseme wenyewe iliishaje. Hatukujua kuwa hiyo ni elimu, tulidhani ni mchezo.

Sasa, baba yetu alikuwa utingo wa lori la mizigo. Mwaka 1976 alirudi kutoka Dar es Salaam na kitu kizito alichokifunga katika kipande cha kanga. Hakukiweka chini. Alimpa mama yake mkononi. Kilikuwa Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyotolewa Nairobi mwaka 1969. Sheikh huyo, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, alikuwa kadhi wa Unguja na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya, akafariki Oman mwaka 1982. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa mwalimu wa watoto wa skuli. Twafikiri hilo laonekana katika Kiswahili chake: anaandika kama mtu aliyezoea kuulizwa maswali na wadogo.

Kitabu kilikuwa na Kiarabu upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Bibi alisoma upande wake. Upande wa pili ulikuwa zile herufi alizomrudishia kijana wa kisomo. Akamwita dada, akamwonyesha nafasi kando yake, akasema, "Kaa hapa. Mimi nitasoma yangu, wewe utasoma yako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi ya baridi ya mwaka ule na mwaka uliofuata. Bibi alisoma aya kwa Kiarabu, kwa ile sauti yake ya Kilwa iliyovuta mwisho wa aya kama mtu avutaye kamba ya mashua. Akanyamaza. Dada akasoma maana yake kwa Kiswahili. Bibi akatikisa kichwa, akaendelea. Walishirikiana koroboi moja na ukurasa mmoja, vichwa vyao vikigusana, na sisi wadogo tulikaa miguuni mwao tusijue kuwa tunatazama jambo ambalo hatutaliona tena.

Walianza na Suratu Yusuf kwa kuwa bibi aliipenda kuliko zote. Ina aya 111, na dada hakuwa na haraka nayo. Alikuwa na hila moja ambayo twakiri kuwa hatujapata mwalimu aliyeifanya vizuri kama yeye. Usiku wa kwanza, ndugu walipomtia Yusuf kisimani, dada alikifunga kitabu.

Tukalia, "Ametoka? Dada, ametoka?"

"Tutasoma kesho."

"Tuambie tu kama ametoka!"

"Kesho, mdogo wangu. Leo yumo humo humo."

Hatukulala. Asubuhi, kabla watu hawajaamka sawasawa, tulichukua kiporo cha ugali tukaenda mpaka kisima cha jirani tukakitumbukiza, tukainama na kuita. Jirani akatukuta. Kisima kile watu walikuwa wakinywa maji yake. Fimbo tuliyochapwa na mama siku ile ilikuwa ya haki kabisa, lakini jioni, dada aliposoma kuwa msafara umepita na mtekaji maji ameteremsha ndoo yake na Yusuf akatoka, tuliamini kwa miaka mingi kuwa ugali wetu ulisaidia.

Walipofika kwenye ndoto ya mfalme, ng'ombe saba wanene na saba waliokonda, baba akaamka kabisa. Nabii Yusuf alipowaagiza waache watakachovuna katika mashuke yake, baba akaelekeza kidole juu, darini, ambako mahindi ya mbegu yalining'inia na maganda yake katika moshi. Akasema mwaka 1974, nchi ilipopatwa na ukame na serikali ikawa inanunua nafaka ng'ambo, yeye alipakia mahindi ya Songea kwenda mikoa yenye njaa, na aliona kwa macho yake ghala zilizofagiwa hata punje. Tangu usiku ule baba hakujifanya amelala tena.

Kisha ikaja aya ambayo Nabii Yaqub anageuka upande, na macho yake yanakuwa meupe kwa huzuni ya mwanawe. Bibi aliisoma kama kawaida yake. Dada akasoma Kiswahili. Bibi hakuendelea. Tulingoja. Koroboi ikatoa moshi na hapana aliyeiangalia. Bibi akasema taratibu, "Miaka sitini naisoma sura hii. Nilijua ni nzuri. Sikujua kuwa mzee alilia hata macho yakaondoka." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Rudia, mjukuu wangu." Dada akarudia. Akarudia mara ya tatu.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume wetu (s.a.w.) alimtaka Abdullah bin Masud amsomee Kurani. Ibn Masud akastaajabu, amsomee vipi naye ndiye aliyeteremshiwa? Mtume akamjibu kuwa apenda kuisikia kutoka kwa mwingine. Akamsomea Suratun Nisaa, na alipofika aya ya 41 akaambiwa basi yatosha, akatazama, akaona macho ya Mtume yanatiririka machozi. Hadithi hii tuliisoma kitabuni tukiwa mtu mzima. Lakini tulipoisoma hatukuiona ngeni, kwani tulikwisha kuona jambo la namna hiyo jikoni Ruhuwiko: mtu ayajuaye maneno kwa moyo, anasomewa na mdogo wake, na maneno yale yale yanaingia kwa mlango mwingine.

Mwaka 1978 dada aliolewa Tunduru. Bibi alimpa kile kitabu. Watu wa nyumbani walinung'unika, maana kilikuwa kitabu cha pekee na cha thamani, na twakumbuka baba mwenyewe alikaa kimya siku mbili. Bibi akawajibu kuwa nusu yake ya kitabu imo kichwani, na anayehitaji nusu ile nyingine ndiye anayekwenda.

Jikoni kukawa kimya. Na hapa twafika mahali tunapoona haya kupaandika.

Mama yetu alikuwa katika darasa la kisomo. Vijana huenda hawajui habari hii. Mwaka 1967 watu wazima wa Tanzania wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi mbili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1971 TANU ikaazimia kuufuta ujinga huo kabla ya mwaka 1975 kwisha. Haukufutika kwa tarehe ile, lakini kufikia mwaka 1981 asiyejua alikuwa kama mmoja katika watano. Tarakimu hizi twaziandika kwa wepisi. Mama yetu ni mmoja katika tarakimu hizo, na tuliona yeye alilipa nini. Alitoka shamba saa tisa, akapika, akanawa uso, akaenda kukaa chini ya mwembe na wanawake wenziwe, mkono wake uliozoea jembe ukishika penseli kama mtu ashikaye nge.

Jioni moja, alipoona tumenuna kwa kumkosa dada, mama alichukua kitabu cha shule akakaa mahali pa dada, akaanza kutusomea. Akasoma, "Si-mba... a-li... ali-ku... alikuwa..." Mstari mmoja ulikuwa safari. Sisi tulikuwa na miaka tisa, darasa la pili, na mstari ule tulikwisha kuumaliza kwa macho. Tukacheka. Kwanza kwa pua, kisha kwa sauti, na wadogo zetu wakacheka kwa kuwa sisi tumecheka. Mama alinyanyua macho. Hakukasirika. Alikifunga kitabu polepole, akakirudisha juu ya kabati, akaenda kutazama maharage ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Baba angalikuwako tungalipigwa. Laiti tungalipigwa! Bibi ndiye aliyetuita, akatuambia neno moja tu, kuwa mama yako hakuwa anakuonyesha kuwa anajua, alikuwa anakupa alichonacho.

Mama hakutusomea tena. Lakini kisomo hakukiacha. Miezi minane baadaye ilikuja barua ya dada kutoka Tunduru. Desturi ilikuwa kumpelekea jirani mmoja, karani mstaafu, asome, na hivyo siri zote za nyumba zetu zilipita kwake kwanza. Safari hii mama aliipokea, akaitia kifuani, akasubiri wote tulale. Usingizi ulikuwa haujatuchukua. Tulimsikia jikoni, peke yake, kwa sauti ya chini, "Ma-ma... mpe-nzi..." Ilimchukua sehemu kubwa ya usiku. Alipofika mwisho alianza tena mwanzo, na mara ya pili ilikwenda upesi kidogo. Asubuhi alitwambia tu kuwa dada hajambo na kwamba ana mimba. Tulitaka kwenda kumwomba radhi, tusijue tuseme nini. Tulimwomba miaka mingi baadaye, tukiwa na watoto wetu, naye akasema halikumbuki jambo lile. Wallahi hatujui kama alisema kweli au alitusitiri.

Ilipofika zamu yetu sisi, tulifanya nini? Tumesomesha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Wamepita mbele yetu mamia, na wengi wao wamekhitimu, nasi twamshukuru Mola. Lakini watoto wetu wa kuwazaa wenyewe hatukuwasomea. Tuliwasikiliza wasome ili tuwakosoe. Mambo haya mawili yafanana kwa mbali kama vile fimbo ya mchungaji na fimbo ya kipofu, lakini mtoto ayajua tofauti yake kabla hajajua kusema. Mwanetu wa pili, ambaye sasa ni mtu mzima, alitwambia mwaka juzi bila ya ubaya, "Baba, mpaka leo nikifungua kitabu nasikia mtu amesimama nyuma yangu." Hatukuwa na la kumjibu.

Baadhi ya wazazi hutwambia kuwa siku hizi hapana haja, kwani simu ina makari wakubwa wa Makka na Misri, na mtoto aweza kusikiliza usiku kucha. Hatuzikatai simu. Sisi wenyewe twasikiliza makari hao, na sauti zao ni bora kuliko ya bibi yetu, ambaye alikuwa na kikohozi na aliyakosea makhraji mawili matatu. Walakini kari wa simuni hafungi kitabu pale Yusuf alipo kisimani. Wala hakuoni kuwa umelia.

Tumalizie habari ya dada yetu.

Miaka minne iliyopita macho yake yalianza kufifia kutoka pembeni. Alidhani ni uzee, akanunua miwani sokoni. Alipofika kwa daktari aliambiwa ni presha ya macho. Ugonjwa huu, wasomaji, si kama mtoto wa jicho ambaye hupasuliwa na mtu akaona tena. Mwanga ulioliwa na presha ya macho haurudi, na dawa hulinda ule uliosalia tu. Nao huja kimya kimya, bila maumivu. Kwa hiyo mwenye mzazi aliyepita miaka arobaini ampeleke akapimwe, hasa kama katika ukoo wao wamo waliopofuka. Dada yetu alichelewa. Leo anatambua mchana na usiku, na mtu akisimama mlangoni anajua yuko mtu.

Alitupigia simu akasema anahitaji kitu kimoja. "Njoo unisomee, Mwalimu." Tulimwahidi Ramadhani ile. Chuo kikatuzuia. Tukamwahidi Ramadhani ya pili. Mara hiyo hatukuzuiwa na kitu, tulisahau tu, na kumwandikia mtu kuwa umesahau ni vigumu kuliko kumwandikia kuwa unaumwa. Ramadhani ya tatu ikapita pia. Hakulalamika hata mara moja, naye ni mtu aliyetusomea mpaka maandishi ya mfuko wa mbolea.

Mwezi uliopita tulipanda basi. Kutoka Songea mpaka Tunduru sasa ni lami tupu, na safari iliyokuwa ikila siku nzima, na siku mbili katika masika, yaisha kwa saa chache. Hatuna udhuru hata wa barabara.

Kitabu kilikuwa kimewekwa tayari juu ya mto. Jalada lake limekwisha badilishwa mara mbili, lakini ndani, katika Suratu Yusuf, limo doa la mafuta ya koroboi ya Ruhuwiko, la kahawia, ukubwa wa shilingi. Tuliketi. Tukasoma Kiarabu, kisha Kiswahili, nusu zote mbili kwa mdomo mmoja. Dada alisikiliza aya kama kumi, kisha akaweka mkono wake juu ya goti letu.

"Mdogo wangu, unasoma kama unaita majina ya wanafunzi."

Wajukuu zake waliokuwa mlangoni wakacheka. Tukacheka na sisi, kwa haya.

"Taratibu," akasema. "Hapo bibi alikuwa anasimama. Hapo pia. Hapo alikuwa anakohoa."

Tukarudi nyuma, tukasoma taratibu. Wajukuu wakaingia mmoja mmoja wakakaa chini. Walipomtia Yusuf kisimani mdogo wao akauliza kama alikuwa na maji, na dada akamwambia habari ya ugali wetu. Tulisoma alasiri yote, tukasali magharibi, tukaendelea. Ndoto, gereza, mashuke ya nafaka, ndugu waliokuja na njaa yao. Tukafika aya ya macho ya Nabii Yaqub, sauti ikatukataa, na dada akaisema yeye mwenyewe kwa Kiswahili cha Sheikh, neno kwa neno, bila ya kuona chochote.

Zilibaki aya chache ifike ile kanzu itakayotupwa juu ya uso wa mzee. Dada akanyosha mkono, akaupapasa ukurasa mpaka akaliona lile doa kwa ncha ya kidole, akakifunga kitabu.

"Basi. Ya kanzu tutasoma kesho."

Wajukuu wakapiga kelele kama tulivyopiga sisi. Basi letu lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili alfajiri, na tikiti tulikwisha kuikata. Tukamwomba mwenye nyumba mkeka.